Atakua Nayo

Tunu hakuwahi kuwa na kitu cha saizi yake. Sketi ya shule ilimfika vifundoni, mikono ya sweta ilikunjwa na kukunjwa tena ndipo vidole vikaonekana, na viatu vyake vyeusi vilijazwa pamba mbele. Akienda shule asubuhi, ukimwangalia kwa nyuma ungedhani begi linatembea lenyewe. Yeye alikuwa darasa la pili, lakini nguo zake zilikwishafika darasa la tano, zinamsubiri huko.

Aliyezinunua ni mama yake, Atupele, na msimwite mchoyo. Ndivyo alivyolelewa kwao Tukuyu, na sisi wa huku Pwani ndivyo tulivyolelewa pia. Nani hakuburuza viatu vya namna hiyo? Mama zetu walitupima kaptura pale gulioni, na ikitukaa sawasawa wanamrudishia muuzaji wakisema imetubana. Tukavaa mapana. Tukakimbia, mkono mmoja umeshikilia kaptura isidondoke, na raha zetu zilikuwa palepale. Mimi nikiyakumbuka hayo hucheka peke yangu. Siku hizi tu kicheko huniishia katikati, kwa sababu ya mambo yaliyoikuta nyumba ya mtoto huyu.

Nyumba yenyewe iko Picha ya Ndege, Kibaha. Baba wa nyumba ni Mfaume, mwendesha pampu kwenye mitambo ya maji Ruvu, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Mkewe Atupele ni karani wa hesabu katika ofisi moja pale mjini. Mtoto wao ni huyohuyo mmoja. Likizo ya Juni ilipokaribia, Mfaume alirudi kutoka kazini akikokota baiskeli ndogo nyekundu, iliyokuwa ya mtoto wa mwenzake. Tunu aliizunguka, akagusa kengele kwa kidole, kisha akakimbilia chumbani kulia kwa furaha.

"Haipandi mpaka apate helmeti," Atupele alisema.

"Helmeti? Mama Tunu, hii baiskeli, si pikipiki."

"Kichwa si ni kilekile, Baba Tunu?"

Mfaume alicheka, lakini hakubisha. Alijua kwamba mkewe aliwahi kukuta ajali ya bodaboda pale njia panda, abiria akiwa chini na kofia yake ikiwa imening'inia kwenye usukani, na tangu siku ile mwanamke yule hakutaka mzaha na vichwa vya watu.

Jumamosi mama na mtoto wakaenda Maili Moja, kwa kijana mmoja anayeitwa Gregori, ambaye huzitundika helmeti kwenye kamba nje ya kibanda kama sufuria za muuza vyombo. Gregori alimvisha Tunu moja ya njano, akafunga mkanda chini ya kidevu.

"Haya mrembo, tikisa kichwa."

Tunu akatikisa mpaka akaona kizunguzungu. Helmeti haikusogea.

"Unaona mama? Haichezi hata kidogo."

Atupele alijaribu kupitisha kidole kati ya helmeti na paji la uso la mwanawe. Kidole kilipita kwa shida. "Imembana hii."

"Haijambana, imemkaa."

"Mwakani je? Si itakuwa ya kuwekea mayai?" Akaiangalia kamba yote. "Nipe ile ya bluu."

"Ile ya wakubwa kidogo, mama."

"Bei?"

"Bei moja."

"Basi nipe hiyohiyo. Atakua nayo."

Gregori si mtu wa kubishana na mteja aliyekwishafungua pochi. Akaishusha ya bluu, akaifuta vumbi. Tunu aliiangalia ile ya njano ikirudishwa kwenye kamba, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, hakuiomba.

Nyumbani Atupele alikata kipande cha khanga iliyochakaa, akakikunja vizuri, akakipachika ndani ya helmeti kwa mbele, kama alivyokuwa akitia pamba kwenye viatu. Helmeti ikatulia kidogo. Tunu akapanda baiskeli uani, akaanguka, akapanda tena, na baada ya siku chache alikuwa akizunguka mti wa mpapai bila kushikwa. Kila akipita penye shimo helmeti ilimshukia machoni, naye aliinua mkono wa kushoto, akaisukuma nyuma, akaendelea. Aliizoea hali hiyo. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja na kusukuma helmeti kwa mwingine, na wazazi wake, walipomwona, waliona mtoto hodari.

"Umemvisha mtoto sufuria," Mfaume alimtania mkewe wakiwa wamekaa barazani. "Sisi kule Marui tulikuwa tukipanda juu ya mteremko wa Mzee Latifu na kuti bichi la mnazi. Unalikalia hivi. Kaka Zubeir anakaa mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno, na mwingine anatusukuma. Tulikuwa tukishuka mpaka kule mbugani, nyasi zinatupiga usoni. Nani alikuwa na helmeti?"

"Ndiyo maana uko hivyo."

"Sikiliza basi. Mtu akianguka, mama anakuja, anaipiga ardhi. Mpige huyu! Kwa nini kamwangusha mwanangu? Mpige! Na wewe unaipiga, unacheka, maumivu yameshaisha. Watoto wa sasa hivi wanalelewa kama mayai."

Zubeir huyo, kaka yake mkubwa, alifariki akiwa bado mtoto. Mfaume aliambiwa ilikuwa homa. Alimpenda mno, na kila alipomtaja, macho yake yalikuwa yakiangalia mahali pengine kabisa, mahali penye nyasi ndefu na jua la mchana. Atupele alikuwa akimwacha aangalie huko kwa muda kabla ya kumwambia chakula tayari.

*

Juni ni mwisho wa mwaka wa fedha, na karani wa hesabu hapati ruhusa mwezi huo hata kwa dawa. Kwa hiyo Mfaume alimchukua mtoto peke yake kwenda kwa mama yake, Marui, upande wa Kisarawe. Aliyewapeleka ni Yassin, mdogo wake Mfaume, mwenye kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mihogo. Baiskeli ilifungwa nyuma kwa kamba.

Atupele alimshika Tunu mabega kupitia dirisha la gari. "Ukipanda baiskeli, helmeti kichwani. Hata kama mimi sipo. Umesikia?"

"Ndiyo mama."

"Niahidi."

"Naahidi mama. Sivui."

Bi Mwanahalima, mama yake Mfaume, aliwapokea kwa vigelegele ambavyo sauti yake haikuvimudu tena. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfupi, na tangu mumewe alipofariki alikuwa akimwita Tunu mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyofanya, akimlalamikia kwamba amemwachia kazi zote za nyumba.

"Mke mwenzangu, huko Kibaha ulikuwa ukila nini, mbona umekonda hivyo?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na hilo likofia je? Weye ndio askari wetu?"

Watoto wa jirani hawakuwa wapole hivyo. Tunu alipotoka na baiskeli, walimfuata nyuma wakiimba, "Trafiki, trafiki, tunaomba leseni." Mmoja akagonga helmeti kwa kijiti. Tunu alirudi uani machozi yakimlengalenga, kidevu kimefungwa mkanda.

Mfaume alimhurumia. Alikuwa baba asiyeweza kumwona mwanawe anachekwa. "Vua tu, mama. Mama yako hayupo."

"Nimemwahidi."

"Hatajua."

"Mimi si nitajua?" Tunu alisema, akaisukuma helmeti nyuma kwa mkono wa kushoto.

Basi Mfaume akaona dawa ya aibu ile ni ushujaa. Mtoto akishuka mteremko wa Mzee Latifu mbele ya wenzake, nani atamcheka tena? Akamwongoza mpaka juu, akiikokota baiskeli, na njia nzima alikuwa akimsimulia: hapa ndipo tulipokuwa tukikata makuti, pale Zubeir alinipa nusu ya embe lake, hapa tulikuwa tukigombania nani akae mbele. Alikuwa na furaha kubwa. Watoto wote walikuwa nyuma yao.

Nataka mjue kwamba hakuwa kipofu. Aliziona changarawe. Greda lilikwishapita pale miaka kadhaa iliyopita kutengeneza njia, nyasi zikaondolewa, kikamwagwa kifusi, na mvua za masika zikachimba mifereji na kuacha mawe yamechomoza. Bodaboda za mkaa hupita hapo zikiwa zimezima injini kuokoa mafuta. Aliyaona yote hayo, lakini juu yake aliuona mteremko wa zamani, wa kijani, na huo ndio aliouamini.

"Achia breki," alimwambia Tunu. "Baba niko nyuma yako."

Tunu akaachia. Mwanzoni alipiga kelele za furaha, na watoto wakashangilia, na Mfaume akakimbia nyuma akicheka kama anayesukuma kuti. Tairi la mbele likapita kwenye mfereji. Helmeti ikamshukia machoni. Tunu akafanya alichozoea kufanya uani kwao Kibaha, akainua mkono wa kushoto aisukume, na kwa mkono mmoja uliobaki baiskeli ikamshinda. Alirushwa mbele. Helmeti ikateleza nyuma mpaka kisogoni, na paji la uso likaenda kukutana na jiwe.

*

Mfaume alifika, akamwinua, akamfuta vumbi. Damu ilikuwa ikitoka juu ya jicho, si nyingi. Tunu alikuwa amepigwa na butwaa, halii. Mkono wa baba ukafanya kazi yake ya asili bila kuulizwa: ukaipiga ardhi.

"Mpige huyu. Mbaya kabisa. Kamwangusha mwanangu, mpige!"

Tunu naye akaipiga, kofi moja legevu, akajaribu kucheka.

"Umeona? Amepona," Mfaume aliwaambia watoto, na akambeba mpaka nyumbani huku akimsifia njia nzima. Majirani wakaja. Hajira, mke wa Yassin, akaleta maji baridi na kitambaa. Mwingine akakoroga maji ya sukari. Tunu alikunywa kidogo, akasema, "Baba, nina usingizi."

"Mtandikieni mkeka hapo barazani," Mfaume alisema. "Apumzike. Ni nundu tu hilo."

Bi Mwanahalima alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Aliingia uani na jembe begani, akaliona kundi la watu, akaliona kopo la maji ya sukari, akauona mkeka unakunjuliwa. Jembe likamwanguka.

"Usimlaze."

"Mama, amechoka tu."

"Nimesema mtoto asilazwe hapo. Mnyanyue." Alipiga magoti, akamshika Tunu kidevu, akamwangalia macho. "Mpeleke hospitali, Mfaume. Sasa hivi."

"Mama jamani, nundu hili? Sisi tulianguka mara ngapi palepale, na hatukufa."

"Zubeir alikufa."

Mfaume alimwangalia mama yake kama mtu aliyeongeleshwa lugha ya kigeni.

"Zubeir alikufa kwa homa, mama."

"Homa ilikuwa ya kukwambia weye. Ulikuwa mdogo, na ulikuwa nyuma yake kwenye kuti, umemshika kiuno. Ningekwambiaje?" Hakuwa akilia. Alikuwa akifungua khanga moja amfunge Tunu mgongoni. "Alianguka mchana. Tukaipiga ardhi, akacheka. Nikampa maji ya sukari, akanywa. Akasema ana usingizi, nami nikamtandikia mkeka hapo hapo ulipotandika weye. Mpigie Yassin simu. Maneno mengine baadaye."

Tunu akatapika maji ya sukari yote juu ya mkono wa baba yake.

Yassin alikuwa Kurui, kijiji cha jirani, akipakia mihogo. Alikuja na mzigo wake hivyohivyo. Bi Mwanahalima akakaa mbele na mtoto mapajani, Mfaume akapanda nyuma juu ya magunia, pamoja na baiskeli iliyopinda usukani na helmeti ya bluu ambayo mtu fulani aliirushia humo. Kwenye zahanati walimmulika Tunu macho kwa tochi, wakamfunga bandeji, wakasema msikae hapa, nendeni Kibaha moja kwa moja. Wakaenda. Kupitia kioo cha nyuma Mfaume alikuwa akikiona kichwa cha mwanawe kikilegea, na mkono wa mama yake ukimgusagusa shavu.

"Mke mwenzangu, usinikimbie. Niambie, mama yako anapika nini Ijumaa?"

"Ndizi," sauti ndogo ilisema.

"Na nini tena?"

"Ndizi tu, bibi."

"Tutamsema mama yako. Ndizi tu kila siku? Endelea, niambie, na Jumamosi je?"

Barabara nzima Mfaume alikuwa akijaribu kukumbuka mwisho wa siku ile ya kuti. Alikumbuka kiuno cha Zubeir, jasho la shati lake, nyasi. Hakukumbuka kuanguka. Miaka yote ile kumbukumbu yake ilikuwa ikisimama kabla ya kufika chini.

*

Hospitalini waliulizwa jina, umri, na mtoto alikuwa na nani.

"Na mimi," Mfaume alisema. "Ni baba yake."

"Ulikuwa wapi akianguka?" muuguzi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nyuma yake."

"Ukifanya nini?"

Mfaume akaangalia foleni. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alisonya, akageuka upande. "Nilikuwa nasimamia," alisema kwa sauti ya chini, na muuguzi akaandika anayoyajua mwenyewe.

Tunu alikwishaingizwa kwenye kipimo cha kichwa Atupele alipofika, kitambulisho cha kazini bado kikining'inia shingoni. Hakumsalimia mumewe. Aliuliza jambo moja.

"Alikuwa amevaa?"

"Alikuwa amevaa."

"Mfaume, niambie ukweli. Hukumvua?"

"Nilimwambia avue," Mfaume alisema. "Akakataa. Alisema amekuahidi."

Atupele akakaa kwenye benchi. Kisha hasira ikampanda, na ilipompanda ilienda Maili Moja. "Yule kijana kaniuzia takataka. Nitamfuata kesho na polisi. Iko wapi hiyo helmeti? Nipe."

Yassin akaileta kutoka kwenye gari. Atupele aliigeuza mkononi akitafuta mahali ilipopasuka, aonyeshe watu. Haikuwa na ufa. Haikuwa na hata mkwaruzo mbele. Ilikuwa mpya kama siku ile Gregori alipoifuta vumbi. Ndani, kipande cha khanga kilikuwa bado kimekunjwa vizuri mahali alipokipachika. Akaushika mkanda, akauona ulivyo mrefu. Akaiinua mpaka usawa wa kichwa cha mtoto ambaye hakuwepo, akaiona inavyoshuka, akauona na mkono wa kushoto ukiinuka kuisukuma, kama alivyouona kila jioni uani kwake akitabasamu. Akaiweka helmeti chini ya benchi, pole pole.

Bi Mwanahalima alikuwa amekaa sakafuni pembeni, miguu ameinyoosha, hataki benchi.

"Shikamoo mama," Atupele alisema, akikumbuka adabu baadaye sana.

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi ndiye niliyeinunua. Kulikuwa na nyingine iliyomtosha. Nilichukua kubwa."

"Ili akue nayo."

"Ndiyo."

Bi Mwanahalima alivuta khanga mabegani. "Mwaka ule Zubeir alipofariki, nilikuwa nimemshonea kanzu ya Idi," alisema. "Nilimwambia fundi aache nafasi, mikono mirefu, chini mpaka hapa. Idi haikuwahi kumkuta. Ipo sandukuni hadi leo. Kila mwaka naianika juani isiliwe na nondo, na kila mwaka nasema, mwaka huu ingemtosha. Sasa angekuwa mtu mzima, isingemwingia tena."

Atupele alishuka kwenye benchi, akakaa sakafuni karibu na mkwewe. Mfaume aliyasikia yote akiwa amesimama ukutani, na alilia hapo hapo mbele ya watu wanaopita, wala hakujificha uso.

Daktari Anselmi alitoka jua likiwa limeshaanza kushuka. Alisema kuna damu kidogo imevuja ndani, imesimama yenyewe, hawatamfungua kichwa, watamwangalia kwa karibu. Alisema wamemwahisha hospitali. Bi Mwanahalima alimwomba arudie maneno hayo, na yeye, ingawa alikuwa na haraka, aliyarudia.

Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Atupele alitangulia. Tunu alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa, ndani ya gauni la hospitali la mtu mkubwa, mikono yake imepotelea humo. Alifumbua macho, akamtambua mama yake, akawahi kusema kabla hajaulizwa.

"Mama, sikuvua."

"Najua, mwanangu."

"Kweli sikuvua."

"Najua. Uliitimiza ahadi yako." Atupele akamkunjia mikono ya gauni lile, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikaonekana.

*

Tunu alipona. Alibaki na kovu juu ya jicho, na kwa miezi kadhaa kichwa kilimuuma akisoma sana, mpaka mwalimu wake akawa anamweka karibu na dirisha. Mfaume na Atupele walipitia kipindi cha kurushiana maneno, kama watu wote. Mke alisema mteremko, mume akasema helmeti. Mwishowe waliona kila mmoja ana mzigo wake, wakaacha. Mfaume alipunguza kusimulia habari za makuti. Siku moja barazani Atupele mwenyewe alimwomba asimulie, akisema amezikosa habari za Zubeir. Mfaume akasimulia, na safari hii alifika mpaka chini.

Daktari aliporuhusu baiskeli, walikwenda Maili Moja wote watatu. Gregori aliwakumbuka. Aliliona kovu, akashusha macho, akaanza kupangapanga vitu ambavyo vilikuwa vimekwishapangwa.

"Sikuja kwa ugomvi," Atupele alimwambia. "Ile ya njano bado ipo?"

Ile yenyewe ilikuwa imeuzwa, lakini ilikuwepo ndugu yake. Gregori akamvisha Tunu, akafunga mkanda. Tunu akatikisa kichwa bila kuambiwa, juu, chini, kushoto, kulia. Helmeti haikusogea. Atupele akajaribu kupitisha kidole, kikapita kwa shida.

"Imenikaa mama," Tunu alisema, kisha wasiwasi ukamwingia, kwa sababu alimjua mama yake. "Na nikikua?"

"Ukikua tutanunua nyingine."

Mfaume alimgeukia mkewe. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya kitu chochote. Njiani kurudi Atupele aliingia duka la viatu bila kumwambia mtu, akamnunulia mtoto viatu vya shule, na pamba ile ya zamani akaitupa jalalani.

*

Likizo ya Desemba walikwenda Marui pamoja. Mfaume alikwishatangulia wiki moja kabla, akamkuta Yassin na vijana wengine, wakaufunga mteremko wa Mzee Latifu kwa magogo upande wa juu, ili bodaboda zipite njia ya chini. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo baba yake alikuwa akianikia korosho, waliokota mawe yote, wakasawazisha, wakamwaga mchanga wa mtoni. Bembea iliyokuwa juu mno kwenye mkorosho waliishusha, wakaweka mchanga chini yake pia. Watoto walewale wa trafiki walikuwa wakipanga foleni kupanda baiskeli nyekundu, na sharti lilikuwa moja, hapandi mtu bila helmeti ya njano. Wenye vichwa vikubwa walilalamika kwamba haiingii. Mfaume alikuwa na nyingine za kuwajaribisha, kwa kuwa Gregori alimpa zake za zamani bila kudai kitu.

Palikuwa pazuri pale, nawaambia. Kelele za watoto, vumbi laini, harufu ya korosho zikichomwa jikoni kwa Hajira. Mtu aliyelelewa huku angesimama hapo akatamani kuwa mdogo tena.

Tunu alikata kona kwa mbwembwe, tairi likazama kwenye mchanga, akaanguka. Helmeti iligonga chini, tok, ikabaki pale pale ilipo. Tunu akasimama, akajipangusa magoti, akaiinua baiskeli.

Bi Mwanahalima alikuwa akipeta mchele barazani. Aliuweka ungo chini. Alitembea mpaka pale mchangani, akainama kwa shida, akaipiga ardhi kwa kiganja.

"Mbaya huyu," alisema. "Mbaya kabisa."

Akaipiga tena, na tena. Mchanga ulikuwa ukirukia khanga yake. Alipiga zaidi ya kuanguka kule kudogo kulivyohitaji, na watoto waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka. Mfaume alipiga hatua moja amwinue mama yake. Atupele akamshika mkono, naye akarudi nyuma.

"Bibi," Tunu alisema, akichuchumaa karibu yake, "mimi sijaumia."

"Najua, mke mwenzangu," bibi alisema, akaendelea kupiga.